Alama Mbili

Swali la saba: Jadili nafasi ya Bawabu
katika tamthilia uliyosoma. Alama mbili.
Jumbe ana ishirini, mkewe kumi na tano,
Bawabu mbili, kama chenji ya nauli.

Daftari arubaini na moja mezani kwangu, Wete.
Umeme umekwenda, taa ya chaji yafifia,
na karibu wote wameandika nilichowafunza:
"Bawabu ni kiungo. Anasukuma matukio. Hana makuzi."
Vyema. Vyema. Vyema.
Kalamu nyekundu haichoki kusema uongo.

Kwani mimi nilikuwepo.

Siku ya wazazi tuliigiza ukumbini,
pazia ni kanga nne za mama zetu zilizoungwa kwa pini.
Jumbe alikuwa Faki, mwenye sauti ya mnadani.
Mwana Zumo, mke wa kuuawa, alikuwa Bikombo,
kalazwa juu ya madawati mawili
na shuka la hospitali lenye muhuri.
Bawabu hana jina. Kwenye orodha ni wa mwisho,
chini ya "Sauti ya Jogoo."
Akapewa Shaame, mtoto wa Mtambwe,
kwa kuwa ana kigugumizi
na maneno yenyewe ni matatu:
"Pita, bwana. Kalala."
Katika maneno matatu pataharibika nini?

Jumbe akaja na jambia la boksi lililopakwa rangi ya fedha.
Akasimama mlangoni. Akakohoa.
Shaame akafungua kinywa.

P—

Ukumbi ukangoja.
Mtoto akalia nyuma, akanyonyeshwa, akanyamaza.

P—

Jambia likaanza kulegea, jasho limekula gundi.
Bikombo, aliyetakiwa alale, akafumbua jicho moja.
Na hapo, nakwambieni,
hakuna aliyekuwa amekufa.
Mwandishi alikwisha kukiandika kile kifo,
sisi tukakikariri miezi mitatu,
na sasa kimesimama nje na kanzu ya kuazima,
kinangoja ruhusa ya mtoto wa Mtambwe.
Bibi mmoja, safu ya mbele, akashindwa kujizuia:
"Usimwambie, baba! Mwambie katoka!"

Basi nani alisema?

Nilikuwa nyuma ya zile kanga, miaka kumi na sita,
daftari la maneno mkononi.
Kazi yangu kuwakumbusha waliosahau.
Niliona aibu kwa ajili yake,
au kwa ajili ya mwalimu, sijui tena.
Nikanong'ona, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia:
Pita, bwana. Kalala.

Faki hakungoja kuambiwa mara mbili.

Watu walilia mpaka wakataka maji.
Tukazawadiwa kreti mbili za soda.

Juzi nimemkuta Shaame Chake,
duka la vipuri vya baiskeli, anatia mnyororo mafuta.
Nikamtaka radhi: siku ile ulikwama, nikakukatiza.
Akafuta vidole kwa tambara, kimoja kimoja.
"Si—sikukwama," akasema.
"Nyumbani nilikuwa nayasema yote, mbele ya ng'ombe,
wala siku—sikukosea.
Nilikuwa nafikiri."
Kisha akamuuliza mteja anataka tairi namba ngapi.

Daftari la mwisho ni la Mkasi Hamad,
mwandiko umelala kama mpunga baada ya mvua.
Sentensi moja, hoja ya pili hana:
"Bawabu angeweza kunyamaza."

Nimepekua mwongozo wa kusahihisha, mbele na nyuma.
Jibu hilo halimo.
Nimempa mbili, ndizo zilizopo.
Pembeni nikaandika: Na yule wa nyuma ya pazia?
Halafu nikakata,
maana hilo
halikuulizwa.